Filimbi ya Baba Ndani ya Simu

Muuguzi alituambia tutafute mahali pa kimya mjini Kindu, nami nikacheka mbele yake bila adabu. Kimya gani? Nje ya dirisha lake jenereta la jirani lilikuwa linakohoa, vijana wawili wa pikipiki walikuwa wanagombania abiria mmoja, na muuza samaki alikuwa anamtukana mteja aliyeshikashika bila kununua. Mimi na mama yangu tulikuwa tumeketi pale tangu asubuhi, tukisubiri kitu kidogo kama punje ya haragwe kikubali kupokea sauti.

Kitu hicho kilikuwa kifaa cha kusikilia. Kililetwa na watu wa msaada waliopita mjini wakapima masikio ya wazee, kisha wakaondoka na ndege yao. Hakina waya wala tundu la kuchomeka chochote. Ili kikae sawa na sikio la mtu, simu inakisemesha kwa milio. Unakivaa sikioni, unasogeza simu karibu, unabonyeza, na simu inalia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Kifaa kinasikiliza milio ile na kujua sauti zipi kipandishe na zipi kishushe. Kwanza hufuta kilichokuwa nacho, ndipo kinapokea kipya. Kelele ikiingia katikati, kinabaki kitupu, nawe unaanza upya. Muuguzi, mtu mpole kuliko nilivyostahili siku ile, aliiweka programu yake katika simu yangu na kunifundisha pa kubonyeza. Akanipa na betri chache ndogo, akasema nisizichezee, kwa sababu Kindu haziuzwi.

Sikukitaka kifaa kile ili mama asikie redio au mahubiri. Nilitaka asikie jambo moja tu, kwamba baba alikufa. Kambi nzima ya reli ilijua, isipokuwa mke wake.

Sisi ni watu wa Katanga, reli ndiyo iliyotuleta huku. Baba alikuwa mashinisti, dereva wa treni. Siku hizo kila mashinisti alikuwa na namna yake ya kupiga filimbi akifika kwenye kona kabla ya mji, na kila mke kambini aliijua ya mume wake. Ya baba ilikuwa moja ndefu, mbili fupi, na nyingine ndefu iliyoshuka mwishoni kama mtu anayetua mzigo. Mama akiisikia, anaacha alichoshika, hata kama ni mtoto, anaweka maji ya kuoga motoni. Baba akifika, amejaa vumbi na harufu ya mafuta, maji yanakuwa tayari. Kama baba ameongeza mlio mfupi wa mwisho, ina maana ameleta unga wa mahindi, na hapo mama alikuwa anacheka peke yake, maana hakuwahi kuupenda muhogo wa watu wa huku. Wanawake wa kambi walimtania kwamba bwana wake anaongea naye mbele za watu bila haya. Sijawaona wazee wangu wakishikana mikono hata siku moja. Filimbi ile ndiyo ilikuwa mapenzi yao, na sisi watoto tulikuwa tunaona aibu kidogo.

Vita ilipokaribia, wakubwa wa reli waliamua treni iliyobaki iende kusini isije ikaangukia mikononi mwa wapiganaji. Baba ndiye aliyeiendesha. Alipofika kwenye kona alipiga filimbi yake, safari hii akiwa anaondoka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama alisimama na sufuria mkononi, hajui aiweke motoni au aiache.

Sisi tulikimbilia msituni. Huko mama akashikwa na malaria iliyompanda kichwani, na mtu mmoja aliyejiita daktari akamtundikia dripu ya kinini bila kipimo. Kinini ilimrudisha duniani, ila masikio yake yalianza kulia, kisha yakafunga. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Lake liliuawa na dawa yenyewe. Aliporudi kambini alikuwa hasikii kitu mpaka umpigie kelele kwa mdomo uliogusa sikio, na hapo anapata neno moja kati ya matano. Hakulia kwa sababu ya sauti zetu. Alilia kwa sababu treni inaweza kurudi asiisikie. Ikawa kazi yangu. Kila siku, akiwa anapepeta mchele au anachambua sombe, majani ya muhogo, alikuwa ananiuliza kwa macho, nami natikisa kichwa kwamba bado.

Vita ilipotulia, msaidizi wa baba alirudi kwa miguu. Hakuja kwetu. Alikwenda kwa baba mdogo wangu, ng'ambo ya mto, akamwambia kwamba baba alikufa kwa kuhara damu pembeni ya reli, mbele ya Kibombo, na kwamba walimfukia wakamfunika na mawe yale yanayotandikwa chini ya reli. Baba mdogo akatuambia sisi watoto. Ikabaki mama.

Kwetu habari ya kifo haipigiwi kelele. Mjane anaambiwa na ndugu wa mume, wameketi, amemshika mkono, kwa sauti ambayo mtu wa mlangoni haisikii. Inasemwa mara moja tu, kwa sababu anayerudia kifo anakiita tena nyumbani. Baada ya hapo ndipo kilio kinaanza na matanga yanakaa. Sasa mwanamke kiziwi utamwambiaje? Baba mdogo alikataa kumpigia kelele sikioni kifo cha kaka yake, kambi nzima isikie kama bei ya mafuta ya mawese. Kuonyesha kwa mikono alisema ni matusi. Kusoma mama hajui. Nilipomwambia nitasema mimi, alinitazama mpaka nikanyamaza, kwa sababu mtoto hamwambii mama yake ujane. Basi hatukuweka matanga, maana matanga yangemwambia. Miaka ikapita hivyo. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, na mama bado ananiuliza kwa macho, nami bado natikisa kichwa. Wakati mwingine nilimchukia baba kwa kufa vile na kuniachia mimi kazi ya kutikisa kichwa.

Kwa hiyo nilikitafuta kimya. Nyumbani tulijaribu, mvua ikaangukia bati. Kanisani kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, na mtoni kulikuwa na mtumbwi wa mota. Kila mara kifaa kilibaki kitupu, na mama alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama mtoto akicheza na moto. Mwisho nilikumbuka stesheni, ile tunayoiita gare. Treni siku hizi ikija ni habari ya mji mzima, na kati ya moja na nyingine majani yanaota katikati ya reli. Mbuzi walikuwa wamelala chini ya mabehewa yaliyooza. Kama kimya kilihamia mahali Kindu, kilihamia pale.

Nilimkalisha mama kwenye ukingo wa jukwaa, nikamvalisha kifaa sikioni, nikasogeza simu, nikabonyeza. Mimi nilisikia kifaranga wangu wa kila siku. Sikuambiwa kwamba kifaa kikikubali mara ya kwanza, na kila ukibonyeza baada ya hapo, hupitisha milio yake sikioni, na kwamba katika sikio lililofungwa miaka yote ile, milio ya kukiamsha kifaa ndiyo ingekuwa sauti ya kwanza kuingia, na kwamba ingeingia kwa nguvu. Mama alisimama ghafla mpaka nikaogopa ataanguka kwenye reli. Uso wake ulifunguka. Alielekeza mkono kwenye kona, kule treni zinakotokea.

“Njo baba yenu,” alisema, yaani ndiye yeye. “Anapiga firimbi. Twende, niweke mayi ku moto.”

Na kwa mdomo wake akanipigia: moja ndefu, mbili fupi, ndefu nyingine iliyoshuka mwishoni. Nilijaribu kumwonyesha simu. Hakuitazama. Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea nyumbani, upesi, mwanamke ambaye wiki ile ile alikuwa analalamika magoti. Nilimfuata nikijiambia atatulia, kwa sababu kifaa kilikuwa kimekubali. Nilimwita kwa sauti ya kawaida, hatua kadhaa nyuma yake, naye akageuka. Mama yangu aligeuka kwa kuitwa na mimi. Akaniambia sauti yangu imekuwa nzito kama ya shangazi yangu. Nililia pale katikati ya reli, na sikuona haya, ingawa vijana wa pikipiki walikuwa wanatazama.

Maji yale yalichemka, yakapoa. Siku zilizofuata mama aliketi mlangoni na sikio lake jipya, akisikiliza upande wa kona. Tuliongea, ndiyo, lakini mara nyingi katikati ya neno langu alikuwa anainua kidole ninyamaze.

Nikamtumia baba mdogo habari kwamba sasa anaweza kuja. Alivuka mto amevaa shati jeupe, mzee naye sasa. Watoto niliwatoa nje. Mimi nilibaki mlangoni, mgongo wangu kwao, kama inavyotakiwa. Alimshika mama mkono. Alisema polepole, kwa sauti ya chini, maneno aliyoyabeba nusu ya maisha yake.

“Mama, kaka yangu alikufaka. Alikufaka mu njia, mu siku za vita. Tulimungojea, lakini hatarudia.”

Sijawahi kuomba Mungu kama nilivyoomba pale mlangoni. Nilikuwa naomba mama alie. Nilikuwa nimekwisha kupanga nani atapika, nani ataazima viti, matanga yakae wapi.

“Nimesikia,” alisema mama. “Sasa ile firimbi ya juzi ku gare, njo nani alipiga?”

Baba mdogo aligeuka kunitazama mimi. Nilieleza kila kitu, simu, milio, kufuta na kupokea. Nilieleza vibaya, kwa hasira, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nimekuwa mwongo mbele ya mama yangu. Yeye alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba filimbi ya bwana wake anaijua, aliifahamu kabla sijazaliwa, na kwamba kiziwi wa miaka yote hii hawezi kusikia simu. Kwa hesabu yake hilo halikuwa na kasoro. Baba mdogo aliinuka taratibu. Nilimshika shati nikamsihi aseme tena, amwambie na habari ya mawe ya reli, na mahali. Alisema imeshasemwa, na kifo hakisemwi mara mbili. Alivuka mto kabla ya jua kuzama, na hajarudi.

Nani wa kulaumiwa sijui, ingawa nimejaribu wengi. Muuguzi nilimgombeza bure. Kinini iliyofunga mlango, na simu iliyoufungua kwa sauti ile ile mama aliyokuwa anaingoja: ungetafuta mtu wa kupanga unyama wa namna hiyo usingempata.

Siku chache baadaye mama aliniletea simu yangu mwenyewe mkononi. Aliniomba nibonyeze. Nilimwambia kelele ni nyingi, kifaa kitafutika, hatanisikia tena. Alisema bonyeza. Nikabonyeza, jenereta la jirani likiunguruma, na kifaa kikabaki kitupu, kama nilivyojua. Alikuwa ameshapata alichotaka. Uso wake ulifunguka vile vile kama pale stesheni.

Nilimpeleka tena kwenye reli mara kadhaa ili kifaa kijazwe, tuongee tena. Kila tuliporudi nyumbani aliniletea simu. Mwisho nikaacha kumpeleka. Niseme ukweli unaoniuma: kati ya sauti yangu iliyo hai na filimbi ya mtu aliyefukiwa mbele ya Kibombo, mama alichagua filimbi, na alichagua bila kusita.

Sasa betri ni zile za mwisho. Jioni ananiomba nibonyeze, nabonyeza. Anaweka maji motoni, anapanga sabuni na taulo kwenye kiti, anaketi mlangoni. Mimi nasubiri mpaka asinzie, nachukua yale maji, naoga mimi, kwa sababu kuni hazipatikani bure na sitaki ayakute yamepoa. Asubuhi anakuta ndoo tupu na taulo imelowa. Ananiuliza kwa macho kama maji yalitosha, nami naitikia kwa kichwa kwamba yalitosha.