Mkono Mmoja wa Kikapu

Mwezi uliopita nilipita Kariakoo kumpa pole mke wa mwalimu wangu. Nyumba ni ileile ya vyumba sita, ingawa sasa imebanwa na maghorofa huku na huku. Nilipoinama kuvua viatu nikaona kikapu cha ukindu kimetundikwa msumarini, mkono wake mmoja umeshonwa upya kwa kamba ya katani. Ndugu yangu, mimi ni mtu wa kutangatanga. Nimekaa Tanga, nimekaa Mbeya, nimekaa Mwanza, na hakuna mji ulioweza kunifunga. Lakini mbele ya kikapu kile nilisimama mpaka mjukuu wa marehemu akauliza, "Mzee, umepoteza kitu?"

Tulitoka Tabora kwa treni, katika miaka ile ya hamsini, mama na mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado wa mgongoni. Tulikuwa tunamfuata baba, kuli wa bandarini. Ninayakumbuka masizi yaliyoingia machoni, na wanawake wa Dodoma waliotuinulia mayai ya kuchemsha madirishani. Mama hakuonja chochote. Alikuwa amekumbatia debe dogo la asali, zawadi ya bibi, kama aliyepakata mtoto wa tatu. Tulipoipita Morogoro hewa ikawa nzito, shati likanigandia mgongoni, nikajua tumeiacha bara.

Baba alitupokea akatupeleka Kariakoo, kwenye chumba chake cha kupanga. Mama hajakaa vizuri, akaingia uani mtu wa kanzu nyeupe na kofia ya kiua. Akatutazama, akalinyakua lile debe.

"Wapagazi wamefika! Huu ushuru wa pwani!" akasema, akatoka nalo.

Mama alichomoa mwiko kwenye sufuria ya jirani, akamfukuza mpaka barabarani akipiga ukelele wa mwizi. Mtaa mzima ukacheka, na baba akacheka hadi akakaa chini. Kijijini kwetu mama hakuwahi kuonana na Mzaramo. Hakujua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kwamba mtani akichukua chako huruhusiwi kununa, unangoja zamu yako. Kesho yake debe likarudi, limepungua kidogo, likifuatana na nazi na mihogo. Aliyelileta alikuwa mke wa yule mtu.

"Karibu mjini, shoga. Yule mwizi wako ni mume wangu. Ni mwalimu."

"Anafundisha wizi?" mama akauliza.

Tangu siku hiyo wakawa kama ndugu.

Siku hizi shule zina walimu wa ushauri, wana vyumba vyao na viti vyao. Mwalimu wetu hakuwa na chumba. Alifundisha hesabu, lakini mtoto mwenye dukuduku alipelekwa kwake, na chumba chake kilikuwa kikapu. Mimi nilipelekwa mapema. Watoto wenzangu walinicheka kwa jinsi nilivyotembea na kuvaa, nikaanza utoro, nikawa nashinda sokoni chini ya meza za wauza viazi, kwenye harufu ya papa mkavu na tumbaku. Akanikuta huko. Nilingoja bakora. Akanyoosha kikapu.

"Shika mkono mmoja."

Tukatembea, yeye upande wake, mimi upande wangu. Jaribu siku moja, utaona. Watu wawili walioshika kikapu kimoja lazima walinganishe hatua, na hawatazamani usoni. Macho yote yako mbele. Aliuliza bei ya nyanya, akabishana na muuza bamia, hakuniuliza neno. Tulipofika kwa wauza samaki, chini ya lile bati la soko la zamani lililovuma kwa sauti za watu, nilikuwa nimekwisha kueleza yote, na ninalia. "Basi," akasema, "kesho utapita kwangu twende shule pamoja. Na hayo machozi yafute, samaki wana chumvi ya kutosha."

Ndivyo alivyowasikiliza watoto wa mtaa ule, Jumamosi baada ya Jumamosi. Jioni aliwafundisha kina mama kusoma barazani kwake. Mgonjwa akizidiwa, baiskeli yake ndiyo iliyompeleka hospitali. Mkewe alikuwa akichoma vitumbua alfajiri, na harufu ya iliki ndiyo iliyotuamsha sisi wa nyumba za jirani. Nyumba yake ilijaa watoto wa kila kabila. Mtu akimuuliza ana watoto wangapi, alijibu, "Wa kuzaa au wa kula?"

Nilikuwa shule ya kati baba alipougua kifua. Hakuchukua muda, akafariki. Baba mkubwa alikuja kutoka Magomeni kusimamia mazishi. Alikuwa na genge la viazi sokoni na watoto wengi wa kulisha, simlaumu. Maiti ikikafiniwa ndani, nilimsikia akimwambia mama mlangoni, "Kijana ameshajua kusoma, inatosha. Matanga yakiisha anaanza kwangu gengeni." Mama alijifunika khanga usoni. Katika msiba ule yeye alikuwa mgeni na shemeji yake ndiye mwenye kauli. Nilitoka nje nikasimama karibu na mwalimu. Hakuwa na kikapu, lakini nilimwambia.

Jeneza likatoka. Hatukufika mbali. Mwalimu, mtu wa heshima, aliyeogopwa na darasa zima, akalala chali katikati ya barabara ya mchanga na kanzu yake nyeupe.

"Haipiti maiti ya mpagazi mtaani kwetu bila ushuru!"

Watu wakaangua kicheko katikati ya kilio. Ndiyo kazi ya watani msibani. Baba mkubwa akatoa sarafu.

"Haya mtani, chukua uinuke."

"Nani kakwambia mimi ombaomba? Namtaka huyu kijana."

"Wa nini?"

"Asome mpaka shule imkatae yenyewe."

Baba mkubwa akabadilika uso. "Mtani, hapo unatoka kwenye utani."

"Siwezi kutoka, nimelala. Nirukeni."

Hakuna anayemruka mtani. Wabebaji walikuwa wanatokwa jasho, na shehe akatazama jua, akasema taratibu, "Jamani, maiti haicheleweshwi. Mpeni haki yake." Ndipo mama, mama yangu aliyewahi kumfukuza kwa mwiko, akasema kwa sauti kutoka barazani kwa wanawake, "Mpe, shemeji! Mzaramo huyu akishalala haamki mpaka mihogo iive!"

Kicheko kikamfika hata baba mkubwa. Akainua mkono mbele ya watu wote. "Haya. Nimempa. Inuka, mla mihogo wee."

Neno lililotolewa mbele ya jeneza halirudishwi. Mama alipomaliza eda alirudi Tabora na mdogo wangu. Mimi nikahamia kwa mwalimu, nikawa miongoni mwa wale wa kula.

Soko lile la zamani limebomolewa. Utani nao, vijana wanausikia kama hadithi. Mjukuu yule, nilipomwita Mzaramo mla mihogo, alinitazama kama niliyemtukana. Nikacheka peke yangu. Bibi yake ndani akanisikia, naye akacheka.

Siku niliyoondoka Dar es Salaam nisirudi tena kuishi, nilikuwa nimechaguliwa kwenda shule ya bweni, bara. Nilikuwa na sanduku la bati lenye mikono miwili. Mwalimu alishika mmoja, mimi mmoja, tukakata Mnazi Mmoja, tukapita Mchafukoge kuelekea stesheni, macho mbele. Safari hiyo mimi ndiye niliyesikiliza.

"Siku ile barabarani," akasema, "niliogopa sana. Baba yako mkubwa angekataa, ningeinuka vipi mimi?"

Tulifika kwenye behewa. Nikamwamkia shikamoo ya mwisho, akaitika, kisha akacheka kile kicheko cha siku ya asali.

"Wanasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi," akasema. "Haya, mtani. Ushike."

Akaachia mkono wake.