Vidonge Nilivyoona Haya Kuvitaja

Niliondoka Giteranyi kwa sababu mikono yangu ilikuwa haishiki tena jembe. Miaka minne viungo vilinivimba, asubuhi nashindwa hata kufunga kanga, na majirani walishasema nimerogwa. Ndipo mdogo wangu aliyeolewa Gitega akanipigia simu: kuna muuguzi huko, Mwajuma, anayeshughulikia wagonjwa wa viungo tu. Siku tatu kabla ya safari niliacha vidonge vya sokoni vya kutuliza uvimbe nilivyokuwa nikimeza kwa miaka miwili. Niliona haya kujulikana kwa wataalamu kama mtu wa dawa za kuuzwa mezani.

Alfajiri mume wangu alinipeleka kwa baiskeli mpaka barabarani, nikapata gari. Muyinga mjini tulikaa hadi saa nane tukingoja basi dogo, maana mafuta yalikuwa hayapatikani. Miguu ilikuwa imeniisha nguvu. Nikadhani ni njaa.

Tulipopita Karuzi nilitapika dirishani, mara tatu.

"Pole mama, ni kona hizi," alisema abiria wa jirani.

Gitega, kesho yake asubuhi, Mwajuma alinikalisha karibu na meza yake. Alibonyeza kifundo kimoja kimoja bila haraka, kisha akauliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote.

"Mama, kazi gani ya nyumbani imekushinda kabisa?"

"Kukamua nguo. Na kumbeba mjukuu wangu."

Akaandika. "Na dawa? We unakunywa dawa gani?"

"Sinywi kitu."

Aliniangalia usoni. Akanipima presha, akarudia tena.

"Mama, mi siko polisi. Uso umekuwa wa mviringo, presha iko chini sana. Kuna vidonge umeacha siku hizi?"

Amejuaje? Nikamwambia yote. Aliinuka mbio akamwita daktari, na kufumba na kufumbua nilikuwa kitandani, nimechomwa sindano, dripu mkononi.

Jioni Mwajuma alikuja kunieleza. Vile vidonge ndivyo vilivyonivimbisha uso, na mwili ulikuwa umevizoea hata ukashindwa kusimama peke yake. "Ukiacha ghafla hivyo, unakufa. We ulikuwa unaelekea huko."

Hakuna aliyeniroga. Kinga ya mwili wangu ndiyo inayovishambulia viungo vyangu mwenyewe. Nitapunguza vidonge polepole, nianze dawa nyingine na mazoezi ya vidole, naye atanipigia simu kila wiki. Ningefia ndani ya basi, na Giteranyi wangetafuta mchawi.

Baada ya siku sita nilirudi. Sikupitia nyumbani, nilikwenda moja kwa moja sokoni kwa yule aliyeniuzia, nimejaa hasira. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba alitaka kuniua. Nilitegemea matusi. Badala yake alikaa chini polepole, ameshika kiuno.

"Mama, mi sikujua. Ni hizo hizo nakunywaga kwa ajili ya mgongo. Na bibi yangu namupatiaga."

Hasira ikaniisha.

"Msiziache leo!" nilisema haraka. "Wewe na mkeo, msiache!"

Nilipiga namba ya Mwajuma, nikampa simu. Safari hii imenifundisha kwamba aibu ilikaribia kuniua zaidi ya ugonjwa. Nilisimama pale nikimsikia mwanamume yule, mbele ya soko zima, akitaja kidonge kimoja kimoja anachomeza.