Sista Mukami Aliposema Anaogopa

Mukami alikuwa nesi mkuu wa kliniki ndogo katika mtaa wa Baba Dogo, na ukali wake haukuwa siri. Nesi aliyetokwa na machozi mbele ya wagonjwa aliambiwa, "Ukitaka kulia, kalie kwenu."

Kipindupindu kilipozuka, hema la wagonjwa lilisimamishwa uani na likajaa siku hiyo hiyo. Manesi walikula wamesimama. Nyumbani, Mukami alilala sebuleni peke yake, asije akawapelekea watoto ugonjwa.

Adhuhuri moja, mama aliyekuwa akihudumiwa na Sylvance alikata roho akiwa bado amemshika mkono. Sylvance alikuwa nesi wa miaka mingi. Alimfunika, akavua glavu, akatoka.

"Sylvance! Unaenda wapi?" Mukami alifoka.

Kabla hajamfuata, mwanamume akaingia mbio amembeba mkewe.

"Sista, Kavata ananifia!"

Macho ya Kavata yalikuwa yamedidimia, ngozi imesinyaa, mapigo ya moyo kwa mbali. Bila dripu asingefika jioni. Mukami akamchoma sindano mkono wa kulia, mshipa ukamponyoka. Akajaribu wa kushoto, ndipo akaona vidole vyake vinatetemeka. Akavikaza, vikazidi. Mume wa Kavata naye alikuwa anavitazama.

"Endelea kumwongelesha, asilale," Mukami alimwambia, akachomoka.

Alimkuta Sylvance nyuma ya tangi la maji, amejiinamia. Matusi yalimfika kooni, yakaishia hapo.

"Mikono yangu imekataa," alisema. "Kuna mama ndani, nimemkosa mara mbili. Naogopa, Sylvance."

Sylvance aliinua uso, akamtazama kama mtu asiyemjua.

"Umejaribu kwenye kiwiko?"

"Sijajaribu. Siwezi."

Wakarudi pamoja. Mukami aliukamata mkono wa Kavata usicheze, Sylvance akaupapasa taratibu, akachoma. Damu ikachungulia kwenye sindano. Dripu ikaanza kushuka, na mume wa Kavata akaketi chini palepale, kwenye udongo. Kufikia magharibi Kavata alikuwa anauliza ni nani aliyebaki na mtoto.

Kabla ya kubadilishana zamu, Mukami aliwaketisha manesi juu ya makasha ya dripu, akawamiminia chai.

"Kila mtu aseme kinachomlemea. Naanza mimi."

Akaeleza jinsi kitinda mimba wake anavyobisha mlango akitaka kulala naye, na yeye hufanya kama hasikii. Sauti ikamkatika, akalia mbele yao wote.

Ikawa desturi. Wengine walikunywa chai tu. Wagonjwa waliendelea kuja, na baadhi walikufa. Lakini nesi akivua glavu ghafla na kutoka, mwenzake alimfuata.

Ugonjwa ulipotulia, Sylvance aliomba uhamisho, akapelekwa kitengo cha chanjo Makadara. Mukami hakumbembeleza abaki. Alimsindikiza hadi langoni.

"Ukilemewa, nipigie."

"Hata wewe, Sista."

Juma lililofuata simu ya Sylvance ikalia. Alikuwa Mukami.