Niliposema Sikumbuki

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kishamba changu cha kukodi kwa kaunsili, baraza la mji, hapa Hounslow, napalilia vitunguu huku ndege za uwanja wa Heathrow zikipita juu yangu moja baada ya nyingine, jirani yangu wa bustani aliponiita. Ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, na kwa kawaida tukikutana hufurahi kupata mtu wa kuongea naye Kiswahili. Siku hiyo hakuwa na furaha. Alikuwa akibishana na mtu wa upande wa pili kuhusu kigingi cha mpaka.

"Dada, wewe umekaa hapa zamani kuliko sisi," aliniambia. "Hiki kigingi kilikuwa hapa ama kule?"

Nilimwonyesha kilipokuwa. Lilikuwa jambo dogo, futi moja tu ya udongo. Lakini nilibaki nimechuchumaa nikikitazama kile kigingi, naye akadhani nasikia baridi, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Mimi niliwahi kuulizwa swali kama hilo nikiwa na miaka tisa, na mara ile sikujibu nilichokijua.

Nilizaliwa milimani Uluguru, kwenye kijiji ambacho mashamba yake yamekatwa ngazi ngazi kwenye mteremko. Kwetu ardhi hupita kwa akina mama. Shamba la bibi lilitoka kwa mama yake, likaenda kwa mama yangu, na baadaye lingekuwa langu, kwa sababu nilikuwa binti pekee wa nyumba ile. Baba alilima pale kwa kuwa alimwoa mwenye shamba. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyesemea ukoo, lakini watoto wake walirithi kwa mama yao, ng'ambo ya kilima. Bibi alikuwa na msemo wake: "Mwanamume hupita na jembe, mwanamke hubaki na shamba." Aliusema akiwa ameinama, hata mgongo haunyooshi.

Wakati wa masika tuliamka ukungu ukiwa umefunika mpaka mlangoni. Tulikula magimbi ya kuchemsha na chai ya rangi, kisha tukateremka, bibi mbele na mimi nyuma na kikapu cha mbegu. Udongo ulikuwa mweusi, unanata vidoleni. Palipojaa ukungu hukuona mtu, ulisikia majembe tu, na sauti za wanawake wakiitana kutoka ngazi ya juu hadi ya chini. Kazi yangu ilikuwa kudondosha njegere mbilimbili kwenye kila shimo. Nikidondosha tatu, bibi alijua bila kugeuka.

Chini kabisa, kando ya kijito, ndiko alikolima jirani yetu. Alikuja kijijini kwa kuolewa, mumewe akafa na kumwachia mtoto mchanga. Kwa desturi angerudi kwenye ardhi ya mama yake, ila kwao walikuwa wengi na ngazi zilikuwa zimekwisha. Bibi akamwazima ule ukanda wa kijitoni. Kila mavuno jirani alituletea kikapu cha njegere, shukrani ya shamba, na mimi alinipa zangu peke yangu, changa, za kula mbichi. Nilimwita mama, kama ambavyo watoto wote waliwaita wanawake wa rika lile, lakini yeye nilimwita hivyo kwa moyo. Mvua ikinikuta kijitoni nilikimbilia kwake, ananivua gauni na kulikausha juu ya moto, na mimi nasubiri nimejifunga khanga yake yenye harufu ya moshi.

Mwaka mmoja bibi aliniambia nibebe miche ya masale, ile mimea tunayopanda mipakani. Tuliteremka mpaka kijitoni, akamwita jirani, akaipanda mwenyewe kwa mkono wake kwenye ukingo wa juu wa ukanda ule. Mimi nilikuwa nashikilia miche.

"Kuanzia hapa kwenda chini ni pako," bibi alimwambia. "Panda hata miti. Huyu mtoto ameona."

Kwetu mtu aliyeazimwa shamba hapandi miti. Jirani alipiga magoti kwenye matope, akashindilia udongo kwenye ile miche. Hatukuwa na mtu mwingine pale.

Bibi alifariki kabla masale hayajafika magotini kwangu. Mwaka huohuo malori ya kabichi yakaanza kufika karibu na kijiji, na ardhi yenye maji ikawa inatazamwa kwa macho mengine. Mjomba aling'oa yale masale, akasema ukanda uliazimwa na sasa ukoo unauhitaji. Jirani akapeleka shauri kwa wazee.

Asubuhi ya shauri mama alinisuka nywele. Alinivuta kuliko siku nyingine.

"Lile shamba ni lako," aliniambia taratibu. "Si la mjomba wako, si langu. Ukilitoa kwa mdomo wako, umejitoa mwenyewe. Utakuja kuolewa, utaachwa, utarudi wapi?"

Wazee walikaa uwanjani kwetu kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Mjomba alisema yake. Jirani alisimama amemshika mkono mwanawe, mvulana wa miaka sita, akasema bibi alimpa mbele yangu. "Mtoto alikuwepo. Mwulizeni."

Mzee mmoja akaniita mbele, akaniuliza kwa upole kabisa bibi alisema nini kijitoni. Nilimwangalia mama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Sikumbuki," nikasema.

Nilikuwa nakumbuka kila kitu. Nilikumbuka hata matope kwenye magoti ya jirani. Sikudanganywa, wala sikupigwa. Nililipenda lile shamba, na niliposikia ni langu, nikalitaka lote.

Jirani alimfunga mwanawe kifungo cha shati. Kisha akasema, "Basi. Labda mimi ndiye niliyesikia vibaya."

Aliachwa avune. Siku aliyohama kwenda Morogoro mjini, alipita kwetu na mzigo kichwani, akaweka kikapu cha njegere kizingitini. Zilikuwemo na changa, zimefungwa peke yake kwenye jani la mgomba. Mama alizipika. Mimi nilisema tumbo linaniuma.

Nilikua, nikasomea uuguzi, nikaja huku. Mama alipofariki shamba likawa langu, nami nikamwachia binamu alilime. Mara nyingi nimekaa na wagonjwa wazee wodini ambao kweli hawakumbuki, hata majina ya watoto wao, nikaona aibu kwa namna nilivyolitumia neno lao.

Baada ya chai ya yule mzee Jumamosi, nilimwandikia binamu anipigie picha ya ukanda wa kijitoni. Nilitaka kuurudisha. Alinitumia video. Kilima kilimomonyoka kwa mvua za mwaka jana, kijito kikapanuka na kuchukua ngazi tatu za chini. Palipokuwa na shamba la jirani pana mawe meupe na maji. Binamu hakuwa ameniambia kwa sababu, alisema, kule chini hakukuwa na kitu cha maana.

Kwa hiyo nilipompata kwa simu mwana wa yule jirani, fundi wa magari sasa, mwenye wajukuu, sikuwa na kitu cha kumpa. Mama yake alishazikwa. Nilijitambulisha, nikamwambia: "Kaka, nilikuwepo. Bibi aliwapa lile shamba. Hata siku ya shauri nilikuwa nakumbuka."

Nilisikia akiweka spana chini.

"Najua," akasema. "Mama hakusema uongo. Tulibeba vyombo tukashuka kilima chote kwa miguu, nami nikimuuliza kwa nini. Sasa unataka nikwambie nini, dada? Aliyekuwa anasubiri neno lako ni yeye."

Aliniaga kwa heshima, akarudi kazini.

Mavuno yale hayapo tena, ngazi zile hazipo, na wale wanawake walioitana ndani ya ukungu wamelala. Binti yangu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye shamba baada yangu, aliniuliza kwa Kiingereza nilikuwa naongea na nani. Nilimwambia akae. Nikaanza kumsimulia, na nilipofika kwenye neno lile, "sikumbuki," sikuliruka.