Yanayosemwa Kwenye Kigoda cha Msusi

"Shoga, wewe endelea tu kumpelekea kichwa," jirani yangu aliniambia huku anaanika nguo. "Unadhani Msusi anawaonea huruma watoto wenu? Anang'ang'ania choo kwa sababu mumewe ni fundi mwashi. Hela ya serikali itaishia jikoni kwake."

Maneno yale yalinikaa rohoni. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wazazi tuliambiwa tuamue wenyewe fungu la chekechea litumike kwa nini, na Msusi ndiye tuliyemchagua atusemee. Mwalimu mkuu alitaka geti la chuma. Msusi alitaka choo cha watoto wadogo, maana kilichopo tundu lake ni la watu wazima, na watoto wanaogopa kudumbukia.

Nilikwenda kwake hata hivyo; mkutano ulikuwa mchana ule ule. Msusi ni mnene mwenye vidole vyembamba, anabana kitana kwa meno na kuongea hivyo hivyo. Wanawake wa mtaa mzima tunakalia kigoda chake, kati ya magoti yake, tukiangalia ukuta. Usipomwona mtu usoni, unasema mengi. Ya waume, ya wakwe, ya mawifi, yote ameyasikia, na halijatoka hata moja. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba binti yangu anabana haja mpaka anarudi nyumbani amelowa, na asubuhi analia akiona sare.

Siku ile ya mkutano alisuka haraka haraka. Alipofika nusu ya kichwa, akainuka. "Jifunge kitambaa, mdogo wangu. Tutamalizia tukirudi."

"Na kikianguka je?"

"Waambie ndiyo fasheni mpya."

Mkutanoni, pale chekechea, tulikalia viti vya watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Mbele walisimama mwalimu mkuu na afisa wa elimu. Msusi akaeleza habari ya choo. Nyuma mtu akanong'ona, "Mumewe keshachanganya saruji," watu wakacheka chini chini.

"Mume wangu hatagusa hata tofali," Msusi akasema. "Atafutwe fundi mwingine."

"Sawa," mwalimu mkuu akajibu. "Lakini mimi sijaletewa malalamiko. Mtoto gani anaogopa? Nitajie mzazi mmoja tu. La sivyo, tuendelee na geti."

Mama Pacha, ambaye tukingoja zamu kwa Msusi huwa hasemi lingine ila choo, alikuwa anachunguza kucha zake. Mwingine alimbembeleza mtoto ambaye alishalala zamani. Nami niliangalia sakafu. Binti yangu anashinda mikononi mwa yule mwalimu; nikimuudhi, mimi nitarudi nyumbani, yeye atabaki darasani.

Msusi alitutazama mmoja mmoja. Majina alikuwa nayo tele.

Afisa akatazama saa. "Basi, wanaotaka geti wanyooshe..."

"Subiri kidogo, baba."

Msusi akapita katikati ya viti, akachuchumaa nyuma yangu, pale pale anapokaa siku zote, nisimwone uso. Vidole vyake vikagusa kitambaa changu.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, "uliloniambia kigodani ni lako, silitoi bila wewe. Unaniruhusu niliseme?"