Bi Fairuz na Mgonjwa wa Mtihani

Bi Fairuz wa Wiyoni alikuwa na vidole vyepesi mno mbele ya kompyuta. Kwa miaka mingi alimpigia chapa wakili mmoja wa Mkomani hati za kuuza nyumba, hadi wakili huyo alipohamia Malindi kumfuata mke wa pili, akamwachia Bi Fairuz vidole vyake bila kazi ya kuvipa. Ndipo akajisomea mtandaoni kazi ya kuandika maneno ya madaktari. Daktari huzungumza kwenye kinasa sauti, na mwandishi husikiliza na kuyageuza maandishi ili faili la mgonjwa likamilike. Cheti alikipata vizuri tu. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa kuajiriwa na kampuni moja ya Nairobi iliyokuwa ikiwaandikia madaktari wa ng'ambo.

Sheria ya mtihani ilikuwa moja: andika unachosikia, usiongeze wala usipunguze, na usiposikia acha pengo. Kwa Bi Fairuz hiyo ilikuwa adhabu. Wakili wake alikuwa mtu wa kunung'unika, "Andika amemuuzia, basi," na yaliyobaki yote alijaza mwenyewe. Kwa hiyo daktari wa mtihani aliposema kwamba Bwana Pitasoni amekuja na mguu uliovimba, Bi Fairuz aliona aibu kuiacha sentensi ikiwa uchi namna ile. Alichokiandika, kwa Kiswahili chetu, kilisomeka hivi: Bwana Pitasoni, ambaye kuanzia hapa ataitwa Mgonjwa, akiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, amefika mbele ya daktari na mguu uliovimba, mguu ambao upande wa kaskazini umepakana na goti.

Msimamizi wa mitihani, binti mpole aitwaye Jeruto, alimpigia simu kesho yake.

"Bi Fairuz, daktari hakusema goti liko kaskazini."

"Lakini ndiko liliko," alijibu Bi Fairuz.

Jeruto alimweleza tena ile sheria, taratibu, kisha akamruhusu kurudia.

Mara ya pili alijizuia asipambe, ila kuacha pengo kukamshinda. Mtandao ulikuwa ukishika darakani tu, pale mlangoni penye viti vya mawe, na visikizi vyake vya masikioni vilikuwa vimekufa, kwa hiyo sauti ya daktari ilitoka hadharani ikichanganyika na kelele za njiani. Daktari akasema mgonjwa hana aleji. Bi Fairuz akaandika kwamba mgonjwa hana Aljeria. Jambo lenyewe alilishangaa, lakini alijiambia kwamba watu wa ng'ambo wana mali za kila aina. Akafeli tena, akapewa nafasi ya mwisho.

Wakati huo wote mavyaa wake, Bi Hadil, mamake Taufiq mumewe, alikuwa ameketi pale pale darakani akichambua mchele. Bi Hadil aliwahi kupika kwenye nyumba ya wageni, na Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni. Katika maneno yote ya daktari alishika mguu, sukari, na kwisha. Akaelewa kwamba kuna mwanamume ana mguu, ana sukari, na anakwisha. Kumbe daktari alikuwa akisema tu kwamba amemaliza kusoma ripoti yake. Na kwa kuwa kampuni ilitumia mgonjwa yule yule katika kila jaribio, Bi Hadil aliona maradhi hayapungui. Akaanza kuuliza kama Bwana Pitasoni ana mke, na nani anampikia.

Bi Fairuz akamwambia huyo si mtu, ni mtihani tu.

"Nayua, mwanangu," alisema Bi Hadil kwa huruma. "Maradhi yote ni mtihani wa Mngu."

Siku ya jaribio la mwisho, Bi Fairuz alipotoka na kompyuta yake alikuta daraka limejaa majirani, chetezo kinafuka udi, na sinia la mahamri. Walikuwa wameshamsomea Bwana Pitasoni Yasini. Kuwafukuza hakuwezi, na saa ya mtihani imefika. Aliwaomba wanyamaze, nao wakanyamaza kwa adabu kubwa, mpaka daktari alipofika kwenye lile neno la kwisha. Hapo Bi Hadil akainua mikono, "Mngu amshufie," na daraka zima likaitika amin. Bi Fairuz alikuwa ameapa safari hii kuandika anachosikia. Akaandika. Pale daktari alipomung'unya maneno, akaacha pengo, akatuma.

Jeruto alipopiga simu, sauti yake ilikuwa si yake.

"Mapengo yako yote yako mahali pake, daktari alikuwa anatafuna kitu. Lakini Bi Fairuz, hawa wanaosema amin ni nani?"

Bi Fairuz akaeleza kila kitu, mpaka mahamri. Upande wa pili kikasikika kicheko kilichozibwa kwa kiganja. Bi Hadil hakuweza kungoja zaidi, akaichukua simu mkononi mwa mkwewe.

"Bi Jeruto, mguu wake u hali gani yeo?"

Jeruto alivuta pumzi. "Umepungua, mama. Sasa anatembea."

Darakani palipigwa vigelegele hata watu wa njiani wakauliza nani anaolewa.

Kazi Bi Fairuz aliipata, kwa sharti kwamba aandikie chumbani, mlango umefungwa, na visikizi vipya masikioni, maana mambo ya wagonjwa wa kweli ni siri. Taufiq akamvutia waya wa mtandao mpaka ndani. Bi Hadil alinuna. Alisema hajaona nyumba ambayo mtu anajifungia na wagonjwa peke yake, asiwagawie hata wazee. Mwishowe alichukua mchele wake akahamia daraka la jirani, ambako redio hutangaza vifo na matanga ya pwani nzima, na mtu anaruhusiwa kuuliza maswali.