Chachu ya Kibuyu cha Mke Wangu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na la tatu lenyewe sikulimaliza. Lakini nyumba hii ya Nyakarenzo niliijenga kwa mikono yangu, ng'ombe niliwanunua mmoja mmoja, na maziwa yangu ya kuganda, yale tunayoita kivuguto, hayakuwahi kumuumiza mtu tumbo. Ninayajua maziwa. Nisichokijua nitakisema pia.

Chachu yake aliileta mke wangu. Tuliporudi huku kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, watu walibeba magodoro na masufuria. Yeye alifunga kibuyu mgongoni kama mtoto mchanga, ndani yake maziwa yaliyoganda, kidogo tu huko chini. Kila jioni alimimina maziwa mapya juu ya mabaki, na siku ya pili yakawa yameganda. Mabaki hayo yalitoka kwa mama yake, na kabla ya mama yake sijui. Malaria ilimchukua mke wangu hatujamaliza mwaka huku. Watoto hatukujaliwa. Nikabaki na kibuyu.

Siku zile bunduki za ng'ambo, huko Kongo, zilisikika hadi kwetu mlimani, na kila mtu alimwogopa mwenzake. Mwanamume anaishi peke yake, ametoka Kongo, anauza maziwa: wakasema huyo ana sumu. Nilionja mbele ya kila mteja, kama desturi yetu inavyotaka, nikameza waone koo likitembea. Walichukua yao wakaenda kunywea kwao. Hakuna aliyeketi. Kuna majuma nilizungumza na ng'ombe tu.

Ugonjwa wa kuhara ulipoingia kilima cha pili, nikaogopa watanitaja mimi. Sokoni Kamembe kapsuli za rangi mbili ziliuzwa juu ya meza pamoja na sabuni, na watu walizimeza kwa kila ugonjwa. Nikapasua moja, nikamwaga unga wake ndani ya kibuyu. Maziwa yakagoma kuganda siku mbili, ya tatu yakaganda. Tangu hapo, kila niliposikia mtu anaumwa tumbo, nilikipa kibuyu dawa yake. Na kila mara kilichelewa muda mfupi kuliko mara ya nyuma, mpaka hakikuchelewa tena. Nikajivuna. Nikasema chachu ya mke wangu ni ngumu kama mwenyewe.

Kisha masista waliokuwa wakilisha watoto waliokonda wakataka kivuguto changu. Wakasema kwanza kipimwe na binti mmoja aliyesomea vijidudu. Nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Nilitaka karatasi ya kupigilia ukutani, inisemee mbele ya majirani. Binti alinionya waziwazi: chachu ikishindwa, inamwagwa yote. Nikamwambia apime tu.

Alijaza vichupa vyake akaniuliza mengi, na hata moja halikuhusu utamu. Ilitoka wapi, nani ameinywa, nani ameugua, natia nini ndani. Nikajibu natia maziwa. Kapsuli sikuitaja, si kwa kuficha. Kwangu ule ulikuwa usafi, kama kunawa mikono.

Aliporudi, majuma yalikuwa yamepita. Akaketi mlangoni pangu, akaniambia uchafu hakuuona, na vijidudu vinavyogandisha maziwa yangu ni vile vizuri vinavyojulikana. Nikacheka kwa sauti. Yeye hakucheka. Alisema alivijaribu pia kwa dawa zinazoua vijidudu, aone kama vitakufa, na havikufa.

"Papa, ulikuwa unatia dawa mu kibuyu?"

Nikamweleza yote, tena kwa majivuno.

Akainamisha kichwa. "Uliifundisha, Papa. Hii bidudu yako si mubaya. Lakini imezoea dawa. Mutoto akikunywa, inaweza kupatia ile mubaya ya mu tumbo nguvu yake. Siku mutoto atagonjwa, dawa haitamusaidia."

Nikamwambia mimi nainywa kila siku na bado nabeba gunia la viazi. Akajibu kwa upole kwamba tumbo la mtu mmoja mzima halimwambii chochote kuhusu mtoto aliyekonda, na kwamba hakuja kupima nguvu zangu.

"Basi niachie ya ndama."

"Hata ndama, Papa. Ataibeba mu tumbo, mavi yake itaenda mu shamba."

Alipoondoka nilikipakata kile kibuyu mapajani mchana kutwa. Ningeweza kuficha kikombe kimoja nyuma ya nyumba. Nani angejua? Mama mkwe alikwisha kufa Bukavu, na mtu mwingine mwenye chachu ile sikumjua. Lakini nilikuwa nimewaona wale watoto kwa masista, shingo zao. Nikachemsha maziwa yote mpaka yakakatika, nikayafukia shimoni. Kibuyu nikakichoma, maana binti alisema vijidudu vinajificha kwenye kuta zake. Kilichukua muda kushika moto. Nilikaa pale mpaka mwisho.

Binti akaniletea chachu nyingine ya unga, ndani ya pakiti, na karatasi yangu nikapata. Nikaipigilia. Masista wakachukua debe zima, na majirani walipoona hivyo wakaanza kuja, wawili, kisha watano. Waliketi. Waliongea habari za ng'ombe na za vita, wakacheka, wakataniana nyumbani kwangu kama watu walionifahamu tangu utoto. Nilikuwa nimeomba hilo miaka mingi, na lilipokuja nikajishughulisha na kuosha vikombe.

Maman mmoja jirani, ambaye zamani alikuwa akipita mbali na ua wangu, alifuta midomo akasema, "Mzee, haya ya sasa ni matamu kupita yale ya zamani. Nani alikufundisha?"

Nikamwambia imeandikwa kwenye pakiti. Nikamjazia kikombe tena.